Ukuta wa Jiko Unaotazama Barabara

Ilianza Jumamosi, saa nne na robo asubuhi. Nakumbuka saa kwa sababu nilikuwa nimeshika simu ya Mama naiangalia, nikiomba isifike saa tano. Saa tano nilitakiwa nishuke mtoni na ndoo kuchota udongo mweupe. Mtoni Jumamosi hapakosi watu, na mimi watu wakiwa wengi sijui mikono yangu niiweke wapi.

Basi hiyo saa nne na robo pikipiki ikaingia uani. Alikuwa Baba Mdogo Marwa, mdogo wake baba, ambaye ni wakala wa forodha kule Sirari, mpakani na Kenya. Alishuka amekumbatia kopo kubwa la bati kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Shikamoo Baba Mdogo."

"Marahaba, Ghati. Bibi yako yuko wapi? Nimemletea dawa."

Mama akatoka jikoni mbio. "Dawa ya bega?"

"Dawa ya ukuta, shemeji. Vanishi hii. Ile wanayopaka milango ya mahotelini. Ukishaipaka, mvua inyeshe mpaka ichoke."

Ngoja nieleze huo ukuta. Jiko letu ni la udongo, limejitenga na nyumba kubwa, na ukuta wake mmoja unatazama barabara ya kwenda kanisani. Kila mwaka mvua za masika zikiisha, mwanamke wa hapa nyumbani anausiriba upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Anafunika picha yote ya mwaka jana, halafu ukuta ukikauka anachora nyingine. Ilikuwa hivyo hata kabla Bibi hajaolewa hapa.

Mwaka jana Bibi alichora ng'ombe wanashuka mtoni, na nyuma kabisa ndama mmoja amegeuza shingo anatazama nyumbani. Alipomaliza yule ndama, bega lake la kulia likakataa. Halijapanda tena. Kijiko kinafika mdomoni, lakini nywele namchana mimi. Kwa hiyo ile ndiyo picha ya mwisho ya mkono wake, na mwaka huu zamu ya kusiriba imekuwa yangu, maana Mama mwenyewe anasema mkono wake ni wa jembe. Na mvua imeshakula chini ya ukuta mpaka fito zinaonekana.

Baba Mdogo alitaka picha ibaki milele. Mama alitaka jiko lisianguke. Mimi nilitaka mtu mwingine yeyote aamue.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na zizi. Alilitazama lile kopo.

"Weka chini hicho kitu, mura, unywe uji."

Kwetu Wakurya mura ni kijana wa kiume. Baba Mdogo ana mvi, lakini kwa mama yake hajawahi kuwa kitu kingine.

"Mama, nataka kesho asubuhi nipake, jioni nirudi kazini. Mwambie Ghati afute vumbi tu."

"Mwenye mkono mwaka huu ni Ghati. Yeye ndiye atakayesema."

"Mimi?" nikasema.

"Kuna Ghati mwingine hapa? Leo jioni mavi yanalowekwa. Kesho ukiamka, ama unasiriba, ama unampa baba yako huyu brashi. Sasa nenda mtoni, na ukirudi nitawaambia kitu, wewe na huyu mura wa vanishi."

Nilikwenda, nikachota, nikarudi bila kumsalimia mtu ambaye hakunisalimia kwanza. Nikakaa chini na chekecheo kuchekecha udongo, Baba Mdogo akakaa kwenye kigoda na uji wake, na Bibi akaanza. Alizungumza mpaka alasiri. Ninaandika kama alivyosema, nilivyoweza kukumbuka, kwa sababu katikati alinigeukia akasema: "Wewe shule wamekufundisha kuandika. Waandikie wenzako kazi hii ilivyokuwa, wasidhani nilikuwa nasimama tu na wageni tunapigwa picha." Kwa hiyo hapa anayesema ni Bibi.

Nyinyi watoto mnapenda kuuliza maonyesho yangu yalikuwa mangapi. Sijui. Ninajua yale yaliyoharibika, maana ndiyo yaliyonifundisha.

La kwanza lilikuwa Mwanza. Kabla ya hapo sikujua kama kuna watu wanaingia chumbani kuangalia kuta na kutoka, bila kukaribishwa chakula. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita huku kuandika habari za nyumba zetu aliona ukuta huu, akaniambia nichore kwenye mbao, atanitafutia ukumbi. Nikasiriba mbao kama ninavyosiriba ukuta, nikazifunga kwa vitenge, nikapanda nazo basi.

Kwenye zile mbao nilichora michoro ya mama mkwe wangu. Yeye ndiye mwalimu wangu, na alikuwa mkali, usiombe. Alikuwa anachukua udongo kidogo, anausugua kwa vidole hapa karibu na sikio. Ukisikia unakwaruza, una mchanga, tupa. Ukinyamaza, chota. Mavi alitaka ya asubuhi, ya ng'ombe aliyelala na njaa kidogo, siyo aliyeshiba maganda ya ndizi, maana hayo yanateleza. Na mkono wangu ukisimama katikati ya ukuta, alinigonga kiwiko. Pale mkono unaposimama ndipo ufa unapoanzia. Alipokufa, nikaona nitasahau michoro yake, kwa sababu kila mwaka tulikuwa tunaifunika. Ndiyo nikaiweka kwenye zile mbao.

Sasa ule ukumbi ulikuwa na mashine ya ubaridi, inakausha hewa. Jioni mambo mazuri, watu na soda zao. Asubuhi naingia, nakuta mchoro mmoja umepasuka kama kisigino changu. Nikaona aibu. Nyumbani ukuta ukipasuka unafanyaje? Unausiriba. Nikatoka, nikauliza barabarani nani anafuga ng'ombe. Watu wa Mwanza wananishangaa, mama na kitenge chake anatafuta mavi asubuhi yote hiyo. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja huko mlimani. Nikarudi na mfuko wangu, nikafunika ule mchoro wote, nikachora mwingine juu yake, mzuri kuliko wa kwanza.

Nilikuwa sijui kwamba kile kidoa chekundu walichobandika pembeni maana yake umeshanunuliwa.

(Hapo Baba Mdogo alicheka mpaka uji ukampalia. Hadithi hii anaijua, lakini anasema kila akiisikia anaona ile sura ya mwenye ukumbi.)

Mwenye ukumbi alishika kichwa. Mnunuzi akaja mchana, mtu wa Bukoba, na suti. Akatazama. "Mama, jana nilinunua miduara. Leo naona mistari."

Nikamwambia, "Ilipasuka, baba. Nimekutengenezea upya."

"Na ile miduara iko wapi?"

"Iko chini yake."

Akasogea, akaweka kidole pale ambapo palikuwa hapajakauka vizuri. Akakitazama kidole chenye udongo. Halafu akasema, "Basi nimenunua mbili," akaondoka nayo. Mwenye ukumbi akakaa kwenye kiti akaomba maji.

Kwa hiyo la kwanza, watoto: ukienda kwa watu, uliza kwanza desturi yao. La pili, udongo wa kuwekwa kwenye mbao uchanganye na uji mwembamba wa unga wa muhogo. Unashika. Hilo nilijifunza baadaye, kwa kuharibu mbao nyingi.

Kule Natta, karibu na mbuga, niliitwa na kambi moja ya watalii. Wakataka simba. Nikawaambia simba simjui, tumekutana mara moja tu na mimi ndiye niliyekimbia. Nikawachorea nyayo ukutani. Kwato za ng'ombe na kwato za nyumbu zimekanyaga udongo mmoja kwenda kunywa maji. Wageni wakaulizana hii ni nini, hii ni nini, hawajui. Vijana wa Natta waliokuwa wanabeba masinia wao wakasimama. "Huyu ng'ombe anachechemea," mmoja akasema. Kweli, nilimchora anachechemea. Masinia yakapoa, bosi akakasirika. Nilifurahi siku ile kuliko Mwanza.

Lakini kama mnataka kucheka, ni Nyangoto.

Kule nilikaa kwa dada yangu, nikaona wachimbaji wadogo wa dhahabu. Vijana wametoka Geita, Singida, Shinyanga, kila mahali. Miguu yao yote rangi moja kwa vumbi. Nikasema nitachora miguu tu. Na rangi nikachukua marudio, lile vumbi la mawe yaliyosagwa kwenye karasha na kutolewa dhahabu yake. Kijivu kizuri, linametameta. Sasa mwenzangu unayeandika, hapo weka mstari chini: usiguse marudio bila kumuuliza anayeyajua, mengine yana zebaki. Mimi niliyagusa kwa mikono mitupu kwa sababu nilikuwa mjinga.

Nikaegemeza mbao kwenye ukumbi wa kijiji. Vijana wakaja kweli, wakiwa na tochi zao kichwani. Mmoja, Masanja, Msukuma, mrefu hivi, akasimama mbele ya picha moja muda mrefu. Nikajua imemgusa. Akanisogelea kwa heshima kabisa. "Mama, haya marudio umeyatoa mwalo gani?"

Nikamwambia ni mwalo upi, pale wanapooshea mawe yao.

"Ahaa," akasema, akaondoka.

Kesho yake mguu mmoja haupo. Umekwanguliwa mpaka mbao inaonekana. Nikakaa nataka kulia. Mchana Masanja akaja na karai lake.

"Mama, nisamehe. Ule mguu nimeukwangua mimi."

"Kwa nini?"

"Pale mwaloni hawaoshi vizuri, dhahabu inabaki kwenye marudio. Halafu ule mguu ni wa kwangu, mama. Si unaona kidole kidogo kimekaa juu ya mwenzake? Nikaona kama nina haki kidogo."

Akavua kiatu, akanionyesha. Ulikuwa wake kweli. Nilikuwa nimemchora sokoni bila yeye kujua, wala mimi kumwomba.

Nikamuuliza, "Umepata?"

"Kidogo sana. Lakini ipo."

Sikumdai. Pale palipokwanguliwa nikapaacha hivyo hivyo, na watu wakawa wanapaangalia hapo kuliko popote. Ila toka siku hiyo simchori mtu bila kumwambia.

Hapo Bibi aliomba maji. Baba Mdogo akaweka kikombe chini. "Sasa sema ya Sirari, Mama. Useme ukweli."

"Ya Sirari uliharibu wewe."

"Mimi!"

Wakaanza kubishana, na nikapenda, kwa sababu wakibishana hakuna anayenitazama. Ilikuwa hivi. Bibi alialikwa kuonyesha picha upande wa Kenya. Zilikuwa picha za njia: vijia vya ng'ombe na vya watu wanaokwenda kusalimiana, vinapita pale penye mpaka kama hakuna kitu. Baba Mdogo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi, akamwandalia mama yake karatasi zote. Ameandika "picha".

"Nikakwambia, Mama, ukiulizwa sema picha."

"Yule kijana wa ukaguzi aliniuliza zimetengenezwa na nini."

"Useme rangi!"

"Yule kijana ameniamkia vizuri, shikamoo mama, halafu nimdanganye? Nikamwambia udongo na mavi ya ng'ombe."

Udongo hauvuki mpaka bila cheti cha ukaguzi. Hata mimi najua, Baba Mdogo mwenyewe wa forodha hakujua. Wakazuiwa. Bibi akasema mbao zile hazirudi kwetu Tarime bila kutazamwa. Akaziegemeza pembeni ya kibanda cha chai, upande wetu, wanapokaa wabadilisha fedha. Madereva wa malori wakashuka. Dereva mmoja wa Kenya akasema, "Mathe, kwani hii si ni mavi ya ng'ombe unauzia watu?" Bibi akamjibu, "Wewe nimekuuzia?" Wenzake wakamzomea. Wabadilisha fedha wakaacha wateja wao. Na mama mmoja mzee aliyetoka Isebania, ng'ambo ya mpaka, kununua mahindi akasimama, akaweka gunia chini, akafuata kijia kimoja kwa kidole mpaka mwisho. Akasema kwa Kikurya, "Hapa tulikuwa tunapumzika." Basi. Akajitwisha gunia akaenda.

"Lile ndilo onyesho langu kubwa," Bibi akasema.

Baba Mdogo hakucheka tena. Alikuwa anazungusha kile kikombe.

"Mama. Hizo mbao ziko wapi leo?"

"Unajua ziko wapi. Zilinyeshewa pale pale."

"Za Sirari zilinyeshewa. Ya Nyangoto imekwanguliwa. Za Mwanza zimeuzwa, hatujui hata leo ziko kwa nani. Ya Natta kambi imejenga upya. Umebakisha hii moja tu. Simu yangu imejaa picha zake, lakini kwenye simu siyo mkono wako. Siku ukiondoka, mimi nikija hapa nitaangalia nini?"

Nilitazama chekecheo langu. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko.

Bibi akanitupia jicho. "Utamwangalia Ghati anachora vibaya."

Wote wakacheka, isipokuwa mimi. Halafu akamshika Baba Mdogo goti, kwa mkono ule unaoweza.

"Ukuta wa udongo unapumua, mura. Ukiupaka hiyo, maji yanaingia kwa chini, yanakosa pa kutokea. Masika ijayo hautamomonyoka, utadondoka wote mara moja, na mke wa kaka yako yuko ndani anapika."

"Basi tuuache kama ulivyo."

"Fito si hizo unaziona?"

Baba Mdogo aliziangalia zile fito. Alinitazama mimi, akasema taratibu, "Bibi yako amekuachia wewe. Sitakukasirikia, Ghati. Lakini nakuomba." Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko kukasirikiwa.

Jioni kabla ya giza nilikwenda kusimama mbele ya ukuta. Yule ndama nampenda kuliko picha zote nilizowahi kuona, pamoja na za vitabuni. Nikimfunika hayupo tena duniani, na juu yake kitakaa kitu changu, na kila mtu wa barabara hii atalinganisha. Nikisiriba vibaya, wataona. Nikichora vibaya, wataona mwaka mzima. Darasani mwalimu akiniuliza swali najibu kwa sauti ambayo hata mimi siisikii. Sasa hii.

Bibi alikuja na fimbo yake akasimama pembeni yangu.

"Bibi, naogopa."

"Unaogopa kuifuta, au unaogopa wanaopita?"

Nilitaka kusema kuifuta, maana ndiyo ingekuwa heshima. "Wanaopita," nikasema.

"Mwanza ile siku ya kwanza nilijifungia chooni mpaka mgeni rasmi akaondoka. Walinigongea mlango, nikawaambia tumbo."

"Kweli, Bibi?"

"Hilo usiandike."

Nimeandika, kwa sababu ndilo lililonisaidia. Nilikwenda zizini, nikachukua mavi, nikayaloweka. Baba Mdogo alikuwa sebuleni kwa Mama anaangalia taarifa ya habari. Alinisikia nikimimina maji. Hakutoka.

Asubuhi, Jumapili, niliamka ukungu bado uko kwenye migomba. Maji yalikuwa ya baridi mpaka vidole vinauma. Nilikanda udongo, nikausugua kidogo karibu na sikio, nikapanda kwenye kigoda nikaanza juu kushoto. Kiganja changu kilivyopita kwenye pembe za ng'ombe wa kwanza nilifumba macho, halafu nikaona nikifumba nitaharibu, nikafumbua. Baba Mdogo alitoka na shati la kazini. Alisimama nyuma yangu muda mrefu. Sikugeuka. Baadaye nikasikia anavua viatu, na alipokuja kunisogezea ndoo alikuwa amekunja suruali mpaka magotini. Tulipofika kwa ndama aliangalia pembeni, upande wa zizi. Mimi niliangalia. Kwanza zilikwenda kwato, halafu mgongo, na shingo ndiyo ikawa ya mwisho.

Misa ya kwanza ilikuwa imekaribia na watu walianza kupita. Nilisikia nyayo zinapunguza mwendo. Mama Nyangi, jirani yetu wa juu, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, akasimama katikati ya barabara na biblia yake.

"Wee mtoto! Umefuta ya bibi yako?"

Waliokuwa nyuma yake wakasimama pia. Masikio yaliniwaka moto. Mikono yote miwili ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko, sikuwa na pa kuificha. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, anasikia kila kitu, na hakunisaidia.

Niligeuka.

"Shikamoo Mama Nyangi. Nimeifuta," nikasema, na nikasikia sauti yangu mwenyewe imefika barabarani. "Jumamosi pita uangalie yangu."

Akanitazama. Akautazama ukuta, mtupu, umelowa wote. "Marahaba," akasema. "Nitapita." Wakaendelea na safari yao.

Nikashuka kwenye kigoda, nikapiga magoti, nikaanza kuziba zile fito za chini, kwa sababu jua lilikuwa limeshatoka na udongo ulikuwa unaanza kukauka.